Namna ya Kumaliza Riwaya ya Sura 365 Katika Msimu wa Kuandaa Krismasi

Ikiwa una riwaya nene iliyokaa kabatini miaka kadhaa, na alama ya ukurasa iko pale pale ulipoiachia, na kila unapoitazama unajiambia kwamba utaimaliza siku utakapopata nafasi, maelezo haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi ni mama wa nyumba hapa Mtwara mjini. Riwaya yangu ilikuwa Les Misérables ya Victor Hugo, ambayo nilikuwa nimeianza mara tatu na kuiacha mara tatu, na kila mara niliiachia kwenye sura za vita vya Waterloo, alikoshindwa Napoleon. Mwaka jana niliimaliza tarehe 20 Desemba, siku nne kabla ya mkesha wa Krismasi, katika wiki ambazo kuta za nyumba zilikuwa zikipakwa rangi, korosho zikibanguliwa uani, na wageni kumi na mmoja wakitarajiwa kutoka Ndanda, Masasi na Dar es Salaam. Kilichoniwezesha ni kutambua kwamba maandalizi ya sikukuu, pamoja na wingi wa kazi zake, yamejaa kusubiri, na kwamba kusubiri huko, kukipangwa vizuri, kunatosha kusomea kitabu chochote kile.

Jambo la kwanza ni kuondoa aibu. Msomaji aliyeacha kitabu katikati hukirudia kwa unyonge, kama anayekwenda kulipa deni la zamani, na unyonge huo humfanya asome kwa kutaka kumaliza tu, pasipo hamu ya kujua kinachofuata. Inafaa akumbuke kwamba Hugo mwenyewe aliiacha kazi hii. Alianza kuiandika mwaka 1845, akaiweka kando mwaka 1848 misukosuko ya kisiasa ilipoikumba Ufaransa, na hakuirudia hadi mwaka 1860, alipokuwa uhamishoni katika kisiwa cha Guernsey. Ilichapishwa mwaka 1862. Ikiwa mwandishi alikaa miaka kumi na miwili bila kuiendeleza na bado akaifikisha mwisho, wewe uliyekaa nayo miaka mitano hujaikosea heshima. Futa vumbi uendelee pale ulipoishia, na tafadhali usirudi ukurasa wa kwanza. Hilo ndilo kosa nililolifanya mara mbili. Nilirudi kuanza na Askofu Myriel, ambaye amepewa sura 14 nzima kabla Jean Valjean, mhusika mkuu, hajatokea, nikawa nayajua vizuri maisha ya askofu huyo huku kijana Marius, ambaye nusu ya pili ya kitabu inamtegemea, sijafika hata kumwona. Soma upya sura mbili au tatu za mwisho ulizozifikia, kumbuka kwa sauti mambo makubwa yaliyotangulia, kisha songa mbele. Kitabu kikubwa cha namna hii humkumbusha msomaji mambo yake mara nyingi, hivyo usihofu kwamba umesahau jina la mtu au la mji.

Kabla ya kupanga lolote, hakikisha kwamba ulicho nacho mkononi ni kitabu kizima. Nakala nyingi zinazozunguka mashuleni na kwenye meza za vitabu vilivyotumika ni za kufupishwa, na mtu anaweza kusoma kurasa mia mbili akaamini kwamba ameisoma Les Misérables. Riwaya kamili ina sehemu 5, zilizogawanywa katika vitabu vidogo 48, na vitabu hivyo vina sura 365 kwa jumla: sehemu ya kwanza ina sura 70, ya pili, ya tatu na ya nne zina sura 76 kila moja, na ya tano ina sura 67. Fungua yaliyomo uhesabu. Tofauti moja haipaswi kukutia shaka: katika tafsiri ya Kiingereza ya Norman Denny, iliyotoka mwaka 1976, vitabu vidogo viwili vimehamishiwa mwisho kama nyongeza, yaani sura 12 zitakosekana mahali pake lakini zipo. Asiye na nakala ya karatasi anaweza kupakua bila malipo tafsiri ya Isabel Hapgood ya mwaka 1887 kutoka mkusanyo wa Project Gutenberg, na simu ya kawaida inaibeba bila shida. Mimi nilitumia vyote viwili, kitabu nyumbani na simu njiani, na nilipendelea kitabu, kwa sababu ninapoiona sehemu iliyosomwa ikizidi ile iliyobaki, mkono wangu wa kushoto unanipa moyo ambao simu haiwezi kunipa.

Sasa chukua kalenda. Mimi nilikuwa nimemaliza sehemu ya kwanza tu, yaani nilibakiwa na sura 295. Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 20 Desemba ni siku 50, na sura sita kwa siku zinafanya 300. Sura sita zinasikika nyingi kwa asiyeufahamu mtindo wa Hugo, lakini sura zake nyingi ni fupi, nyingine za kurasa mbili tu. Tena hesabu hii inaangukia mahali pazuri kuliko nilivyotazamia. Sura za sehemu ya pili, ya tatu na ya nne ni 228, ambazo ni sawasawa na siku 38 za sura sita, kwa hiyo aliyeanza tarehe 1 Novemba huimaliza sehemu ya nne tarehe 8 Desemba, na tarehe 9, Siku ya Uhuru, ambapo hakuna ofisi wala duka la vifaa linalomsubiri, anaifungua sehemu ya tano pale pale kwenye kizuizi cha barabarani ambako vijana wa Paris wanapigana. Kama riwaya yako ni nyingine, hesabu ni ile ile. Vita na Amani ya Leo Tolstoy, kwa mfano, ina sura 361 pamoja na hitimisho lake, nazo ni fupi vile vile. Gawanya sura zilizobaki kwa siku ulizonazo kabla ya wageni kuingia, ukiacha siku nne za akiba. Kiasi kikizidi sura nane kwa siku, sogeza tarehe ya kumalizia hadi Mwaka Mpya bila kuona haya. Usigawe kwa kurasa, kwa sababu ukurasa hukatiza jambo katikati, ilhali sura ina mlango wake wa kuingilia na wa kutokea.

Nimesema kwamba maandalizi yamejaa kusubiri, na hapa ningependa nieleze kwa kirefu, maana ndipo penye muda wenyewe. Mwezi Novemba, malipo ya korosho za mnadani yanapoingia kwenye akaunti za wakulima, foleni ya benki hapa kwetu hutoka nje ya mlango na kuzunguka ukuta. Aliyekwenda kutoa fedha za saruji na rangi atasimama hapo saa mbili au zaidi, na wengi husimama wakitazama visogo vya wenzao. Fundi cherehani naye atakuambia kwamba nguo za watoto ziko tayari isipokuwa vifungo, na vifungo vya nguo tatu ni nusu saa nzuri kabisa ya kukaa kwenye benchi lake. Kuna mashine ya kusaga mchele wa vitumbua, ambayo wiki za kuelekea sikukuu kila nyumba huiendea siku hiyo hiyo. Kuna kivuko cha Msangamkuu kwa anayekwenda ng'ambo kutafuta samaki na pweza wa bei nafuu. Kuna unga wa maandazi unaoumuka kwa saa nzima bila kuhitaji kutazamwa, na kuna stendi ya mabasi, ambako aliyekuja kupokea mgeni huambiwa kwamba gari lipo njiani. Zaidi ya yote kuna msusi. Nywele za sikukuu huchukua saa tatu hadi nne, nawe umekaa mkekani huna ruhusa hata ya kugeuza shingo, na msusi anapenda uinamishe kichwa, jambo ambalo pia kitabu kilicho mapajani kinalipenda. Katika kusukwa mara moja tu, tarehe 14 Desemba, nilisoma sura zote 12 za kitabu kidogo ambamo Jean Valjean anapita gizani chini ya jiji la Paris akiwa amembeba mtu mgongoni, na sikuyasikia maumivu ya kuvutwa nywele hadi nilipofunga kitabu.

Hata hivyo sura si sawa, na mahali pa kusubiria si sawa. Kila usiku, kabla ya kulala, funua sura sita za kesho uhesabu kurasa za kila moja, kisha uamue ipi itasomewa wapi. Sura fupi za matukio zinastahimili kelele, na zinafaa benki na mashineni. Sura ndefu ambazo mwandishi anatafakari juu ya sheria, dhamiri au historia zinahitaji mahali ambapo hakuna mtu atakayekuita jina. Kwa hizo mimi nilijitengea barazani, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili na robo, wakati adhana imekwisha, majirani wamerudi kutoka msikitini, na joto la Desemba bado halijapanda kutoka baharini. Mwanga wa saa hiyo unatosha bila taa, na umeme ukikatika hauna la kukuzuia. Robo tatu ya saa inatosha kwa sura mbili ngumu. Nne zilizobaki zinafuata kazi za mchana.

Kuna kazi moja ambayo haitakuruhusu kushika kitabu hata kidogo, nayo ni kubangua korosho. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi na kuacha madoa meusi yasiyotoka kwa siku nyingi, ndiyo maana tunapaka mikono majivu kabla ya kuanza, na ukurasa ulioguswa na mikono hiyo umekwisha. Kwa saa hizo tafuta msomaji. Nyumbani kwangu alikuwapo binti wa shemeji yangu, aliyekuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa Novemba na hana la kufanya. Alikaa kwenye kigoda upande usiofikiwa na moshi akasoma kwa Kiingereza, nami kila alipomaliza ukurasa niliwaeleza wenzangu kwa Kiswahili kilichotokea. Mwanzoni nilifanya hivyo ili tu nisipoteze siku. Baada ya siku tatu nilielewa kwamba nimeangukia njia bora kuliko zote nilizowahi kuzijaribu, na ningemsihi kila msomaji aifuate hata kama haoni sababu: simulia riwaya yako kwa watu wa nyumbani, kila siku, kwa kiasi kile ulichokisoma.

Faida yake ya kwanza ni kumbukumbu. Mtu anayejua kwamba usiku ataulizwa, husoma akitafuta uzi wa hadithi, na huweza kuuacha uzuri wa sentensi upite kwa ajili ya kesho. Faida ya pili ni kubwa zaidi, kwamba wasikilizaji watakudai. Mama mkwe alipowasili kutoka Ndanda pamoja na baba mkwe mapema mwezi wa Desemba, ilibidi nimsimulie sehemu tatu za kwanza kwa usiku mmoja ili awe sawa na wengine, kazi iliyonichukua hadi saa sita, na tangu siku hiyo hakupita jioni bila kuniuliza, “Mwanangu, Mzee Jani kafikia wapi leo?” Hivyo ndivyo alivyomwita Jean Valjean, na ndivyo nyumba nzima ilivyomwita. Siku moja nilikuwa nimechoka kwa kufua mapazia, sikusoma hata sura moja, nikakaa chini nikiwa sina la kusema. Yule mama alinitazama kwa huzuni halisi, kama niliyempikia chai bila sukari. Sikurudia. Ikiwa nyumba yako haina wazee wala watoto, mtafute jirani mmoja mpenda hadithi, umtumie sauti ya dakika tano kwa simu kila usiku.

Katika kusimulia utahitaji majina, na majina ya riwaya hii yanachanganya kwa sababu watu wake huyabadilisha. Jean Valjean anakuwa Madeleine, baadaye Fauchelevent. Thénardier, mwenye nyumba ya wageni, anajitokeza tena Paris kwa jina la Jondrette. Cosette, msichana anayelelewa na Valjean, aliitwa Euphrasie alipozaliwa. Sisi wa kusini hatuna haja ya kushangaa, kwani tumezoea mtu kutoka jandoni na jina jipya na la zamani likawa halitajwi tena, na nilipowaeleza wazee hivyo walilielewa mara moja kuliko mimi nilivyolielewa niliposoma peke yangu. Chukua karatasi ngumu ya ukubwa wa alama ya ukurasa, andika upande mmoja majina kumi ya watu wakuu pamoja na majina yao ya pili, na upande wa pili miaka minne tu: 1789, Mapinduzi ya Ufaransa; 1815, Waterloo, mwaka ambao pia Valjean anatoka kifungoni baada ya miaka 19; 1830, mapinduzi ya Julai; na 1832, maasi ya Paris ya tarehe 5 na 6 Juni. Wengi hudhani kwamba vijana wa kwenye kizuizi wanapigana katika mapinduzi yale makubwa ya 1789, na dhana hiyo ikishaingia kichwani, nusu ya mazungumzo yao hayaeleweki.

Sasa nizungumzie mahali ambapo wasomaji huanguka, kwa kuwa nami nilianguka hapo. Sehemu ya pili inaanza na sura 19 za vita vya Waterloo, na karibu zote hazina mtu hata mmoja uliyemjua kabla. Ukiweza kuzisoma, zisome kwa mwendo, siku tatu tu, ukiitazama ramani ndogo ya uwanja wa vita kama ipo kwenye nakala yako. Ukishindwa, ruka, lakini usiiruke sura ya 19, inayoonyesha uwanja ule usiku baada ya vita, maana pale kuna jambo moja linalofanyika gizani kati ya mwizi wa maiti na ofisa aliyejeruhiwa ambalo litaamua maisha ya Marius kurasa mamia mbele. Vitabu vidogo viwili juu ya nyumba ya watawa vinachosha wasomaji wengi, nami nilidhani vitanichosha. Ajabu ni kwamba nilipomsimulia mama mkwe, aliyekulia karibu na misheni iliyoanzishwa Ndanda na Wabenediktini mwaka 1906 na ambaye maisha yake yote ameamka kwa kengele zao, aliniuliza maswali mengi kuliko aliyoyauliza juu ya mapigano. Alitaka kujua watawa wale wanaamka saa ngapi, wanakula nini, na kimya chao ni cha muda gani, na Hugo amelijibu kila swali. Kitabu kidogo cha sura nne juu ya lugha ya wahuni wa Paris kinaweza kusubiri hadi baada ya Krismasi bila hasara, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni mchezo wa maneno ya Kifaransa ambao tafsiri haiwezi kuubeba vizuri.

Mahali pa mwisho pagumu ni sura sita za historia ya mifereji ya maji machafu ya Paris, ambazo Hugo ameziweka wakati ule hasa msomaji anapotaka kujua aliyejeruhiwa atapona au hatapona. Hizi usiziruke. Zinaanza kwa hoja ya mtu wa shamba, kwamba Paris kila mwaka inatupa majini faranga milioni 25, kwa sababu samadi ambayo ingerutubisha mashamba inaachwa iende baharini. Baba mkwe, ambaye hadi hapo alikuwa akisikiliza akiwa amefumba macho, alifumbua macho akataka nirudie maneno hayo, na mazungumzo yakahamia kwenye ardhi ya Ndanda na ile mifuko ya mbolea inayonunuliwa kila mwaka, yakadumu hadi tukaenda kulala. Zaidi ya hoja hiyo, bila sura hizi mtu hawezi kuijua njia ambayo Valjean anaipita katika kitabu kinachofuata, wala urefu wake, wala hatari iliyomo.

Kuhusu Kiingereza, wengi wetu tutakisoma kitabu hiki kwa lugha hiyo, na hofu ya msamiati imewazuia watu wenye uwezo kabisa wa kukisoma. Usifungue kamusi kwa kila neno. Pigia mstari kwa penseli neno usilolijua uendelee, na neno likijitokeza mara ya tatu ndipo ulitafute usiku, kwa sababu limeonyesha kwamba ni neno la kitabu hiki. Kwa njia hiyo nilitafuta maneno yasiyozidi manne kwa siku. Kiingereza cha tafsiri za karne ya 19 ni kizito kidogo kuliko cha Denny, hivyo anayesitasita achague iliyo mpya akiipata.

Utakosa siku kadhaa, na hilo ni la kupangiwa tangu mwanzo. Mimi nilikosa mbili mfululizo mtoto alipopata homa, na sikujaribu kusoma sura kumi na nane siku ya tatu. Niliongeza sura moja kwa siku hadi nikalingana na kalenda, na siku nne za akiba sikuzigusa. Kosa la kuogopa ni siku ya tatu mfululizo bila kusoma, maana hapo ndipo kitabu hurudi kabatini. Siku kama hiyo soma sura moja, iliyo fupi kuliko zote, hata kama ni ukiwa umesimama jikoni ukisubiri mkaa ushike.

Sehemu ya tano inastahili mpango wake. Kitabu chake cha kwanza, chenye sura 24, kinatosha siku nne kamili kuanzia tarehe 9 Desemba, nacho hakiwezi kukaa foleni, kwa kuwa watu uliowazoea wanakufa humo mmoja baada ya mwingine. Kisome nyumbani. Kitabu cha nne cha sehemu hiyo kina sura moja tu, nayo inamhusu Javert, ofisa wa polisi anayemsaka Valjean. Ipe alfajiri yake peke yake, na siku hiyo usijilazimishe kusoma nyingine hadi jioni. Kisha panga ili kitabu cha mwisho kabisa, ambacho kwa bahati kina sura sita, sawasawa na fungu lako la siku, kibaki kizima kwa ajili ya siku moja. Mimi nilichagua Jumamosi, tarehe 20, nikawaomba wa nyumbani waniachie alasiri, na wakanielewa, kwa sababu nao walikuwa wakiisubiri. Nilikisoma barazani hadi jua likaelekea kuzama. Sitasema yaliyomo, ila uvikumbuke vile vinara viwili vya fedha vya askofu wa mwanzo. Usiku ule niliwasimulia wote, wazee, watoto, binti wa kidato cha nne na jirani yetu fundi cherehani aliyeletewa habari kwamba leo hadithi inakwisha, na nilipofika mwisho mama mkwe aliomba taa ipunguzwe akakaa kimya muda mrefu.

Siku nne za akiba zinapobaki, kazi yake ni hii. Katika sehemu ya pili, kitabu cha tatu, kuna mkesha wa Krismasi wa mwaka 1823. Cosette ana miaka minane, ametumwa peke yake usiku akachote maji kwenye chemchemi iliyo msituni, ndoo ni kubwa kuliko nguvu zake, anahesabu hatua na kupumzika na kuhesabu tena, hadi ghafla ndoo inakuwa nyepesi, kwa sababu mkono mkubwa umeshika mpini kutoka nyuma yake. Ulizisoma sura hizo mapema Novemba, pengine ukiwa kwenye foleni. Zitafsiri kidogo kidogo kwa maandishi tarehe 21, 22 na 23, kwa Kiswahili chepesi cha watoto, ukurasa mmoja au miwili ya daftari kwa siku. Tarehe 24, pilau ikishapaliwa mkaa na watoto wakishaoga, waite mkekani uwasomee kutoka daftarini. Wa kwangu, ambao wamewahi kubeba ndoo kichwani Masasi maji yalipokuwa hayatoki, hawakuniuliza chemchemi ni nini. Waliuliza tu kama yule mtoto alikuwa na kata ya kuwekea kichwani, na nilipowaambia kwamba watu wa kule hubeba ndoo kwa mkono mmoja ubavuni, mdogo wao alikwenda uani, akainua ndoo iliyojaa nusu kwa mkono mmoja, akatembea nayo hatua chache kujua ilikuwaje, kisha akarudi akaniambia niendelee.